Moteri ya Inkuba Ilikuwa Nzima

Sogeeni, Mutoni na Gisa, batoto bangu, nisikilizeni sauti ingali na nguvu kidogo, kwa maana mficha maradhi kifo humfichua, na mimi Mbarushimana sitaki kifo kiseme kabla sijasema mwenyewe.

Nyumba ya Kamembe ni ya Mutoni. Shamba la kahawa la Nkanka nitalitaja mwisho, lina mwenyewe.

Mnajua nilikuwa fundi wa Inkuba, ile manowari ndogo iliyolinda ziwa wakati wa vita. Juu, kwenye usukani, alisimama Ntabaza, muntu wa Bukavu, rafiki niliyekula naye sahani moja. Chini, katika moshi wa moteri, nilikuwa mimi. Asubuhi ile Bukavu ilipowaka tulivuka mara tisa kuleta bantu upande huu, risasi zikigonga ubavu wa chombo, na safari ya sita bomba la maji ya moto likapasuka, nikalishika kwa kitambaa na mikono hii hadi jioni, ngozi ikabaki pale. Tulipomaliza, bantu balimbeba Ntabaza mabegani, baliimba jina lake ufukoni kote. Mimi nilipanda ngazi mweusi kama sufuria, hakuna aliyegeuka. Hata mama yenu Mukankusi, Mungu amrehemu, alipokuwa ananifunga vitambaa mikononi, alikuwa bado anauimba wimbo ule, polepole, bila kujua. Kikulacho ki nguoni mwako, batoto bangu. Ntabaza hakunikosea hata neno moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Vita ikaisha, Inkuba ikalala Nkanka. Ntabaza akaomba igeuzwe chombo cha kubeba bagonjwa na mizigo ya bamama ba soko, yeye akiwa kwenye usukani. Komanda wetu wa jeshi akaja na karatasi zake, akaniuliza, "Mzee fundi, moteri inaweza tena?"

Siku moja kabla nilikuwa nimeiwasha peke yangu, ikanguruma safi. Nikamjibu, "Imekufa, komanda."

Nilingoja Ntabaza, aliyesimama kando yetu, abishe. Alivua kofia tu, akasema, "Kama Mbarushimana anasema imekufa, basi imekufa. Ile siku ya vita ni yeye alituvusha. Mimi niligeuza usukani tu."

Neno lile nilikuwa nimelionea njaa miaka yote, likaja nikiwa na uongo mdomoni, na ulimi wangu ukakataa kurudi nyuma. Baliikata Inkuba kwa moto siku nne, bakaipakia vipandevipande kwenye malori. Ntabaza alikaa mchangani siku zote nne. Hakushika tena usukani wowote. Mpaka leo analima mihogo katika mashamba ya bengine.

Kwa hiyo shamba la kahawa ni lake. Gisa, usinung'unike, wewe nilikusomesha. Mpelekeeni karatasi za shamba, mkamwambie moteri ilikuwa nzima. Mwambieni ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa, siyo mbele ya kanisa, maana namjua, atasamehe, na bantu bakisikia batamwimba tena, nami nitakuwa udongoni sina la...

Mnaona. Hata sasa wivu ule ungali hai.

Niinueni kichwa. Hapana... mwambieni mbele ya bantu. Bamwimbe. Mutoni, lete mkono. Na wewe, Gisa. Mungu awape kupendana bila kupimana, awape... pumzi ndefu kuliko yangu. Nendeni sasa. Mimi nitangoja hapa... mkirudi, mnieleze alisema nini.