Sista Bahiya wa Jumatano ya Moyo

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, Sista Bahiya Dhadho anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi. Kumi na mmoja ya mwisho ameiendesha peke yake kliniki ya moyo ya kituo chetu hapa Garsen. Mimi, Shukri wa chumba cha dawa, nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila mtu wa kushika nafasi yake hajapatikana, na jambo hilo linanikera.

Sista ni mzaliwa wa Ozi. Alianzia kazi Chewele, akahamishiwa Tarasaa, kisha akaletwa kwetu, na kila alikofika sauti yake ilitangulia. Huyu mama hajui kunong'ona. Akikugombeza kwa kula chumvi, hadi wauza matikiti ng'ambo ya barabara wanajua umekula chumvi. Mzee Halake, mfugaji wetu mwenye presha, aliapa mbele ya watu kwamba heri akutane na nyati kichakani kuliko kupanda mizani Sista akitazama. Na bado kila Jumatano ya kliniki Halake ndiye wa kwanza kufika, na akikosa kugombezwa hurudi nyumbani akilalamika.

Kliniki aliianzisha mwenyewe, baada ya kuchoka kupokea wagonjwa wa moyo waliochelewa. Huku deltani, mpunga ukiwa majini, miguu kuvimba hakumshtui mtu, ingawa ni dalili ya moyo kushindwa. Sista akabuni kipimo chake: kila mgonjwa awe na jozi moja ya ndara inayomwenea sawasawa, na siku ndara hizo zikimbana asingoje tarehe, aje. Tulimcheka. Kumbe kipimo kilifanya kazi, watu wakaanza kuja mapema, wakiwa bado wanatembea.

Mwaka juzi alipelekwa Nairobi kwa mafunzo ya majuma kadhaa. Hakuletwa wa kumshikia, na mlango wa kliniki ukafungwa. Huku nyuma ndara za Mzee Godhana, mkulima wa Ozi, zikaanza kumbana. Alifika hapa, akakuta kufuli, akarudi. Mwanawe Nuhu, kijana anayempenda sana babake, aliona haya mzee aende kuswali Idi miguu imebanwa vile, akamnunulia ndara mpya za ngozi, kubwa. Mzee akazivaa, zikamwenea, na kijiji kizima kikamsifu. Basi tena, akatulia, asirudi kliniki.

Sista alirudi akiwa na furaha ya mwanafunzi. Alikuwa amejifunza kwamba moyo si misuli tu. Mna seli ziitwazo fibroblasti, na hizo, aliwaambia wagonjwa, ni mafundi wa kukandika nyumba: misuli ikiumia, wao huziba ufa kwa nyuzi ngumu. Ni kazi ya heri hiyo, ila fundi asipoambiwa basi, huendelea kukandika mpaka moyo unakakamaa na kushindwa kulegea upokee damu. Wa kumtuliza ni seli zilizotandazwa ndani ya mishipa ya damu. Presha ikizitesa miaka na miaka, nazo hugeuka, badala ya kumtuliza zikazidi kumwita. Mama mmoja akauliza, jamani, mbona fundi huyo hafukuzwi? Sista akamjibu kwamba dawa tulizo nazo humpunguza kasi tu, na ukuta aliokwisha kuukandika hatuna wa kuubomoa. Ndiyo maana tunawasumbua muwahi, akasema.

Juma lilelile Godhana aliletwa, hawezi kulala chali, anahema kwa kukaa. Alipopigwa picha ya moyo huko Malindi, ulionekana umekakamaa kabisa. Nuhu alimsimulia Sista habari za zile ndara za Idi kwa kujivunia, maskini, hajui anasema nini. Na Sista, huyu wetu wa sauti, akainama kumbonyeza mzee miguu iliyovimba. Mzee alifariki kabla ya mvua za vuli. Sista hakumlaumu Nuhu hata siku moja. Alisema kosa ni mlango uliofungwa. Tangu hapo hajaenda likizo. Nuhu mwenyewe ndiye aliyeniomba niyaandike haya, ili mwingine asije akafanya vile kwa mapenzi.

Kuhusu nafasi ya Sista tumewaandikia wakubwa mara mbili, na mara mbili tumeambiwa tuwe na subira. Inaniuma, sitaficha.

Jumatano iliyopita ilikuwa kliniki yake ya mwisho. Nilikwenda kumsaidia kuwaaga wagonjwa. Hakumuaga hata mmoja. Aliwapima, akawagombeza, na kila mmoja akampa Jumatano yake ya kurudi mwezi wa Agosti. Chumba kilipokuwa kitupu nilimuuliza mbona hakuwaambia. Alisema alijaribu tangu asubuhi, ulimi ukakataa.

Sista, ahsante. Kwa miguu uliyoibonyeza, kwa kelele zako, kwa likizo ulizotuachia, Mungu akulipe. Nenda Ozi ukapumzike, ule wali wa shamba lako, na uzee wako uwe mwepesi. Wagonjwa wako watakuja Agosti kama ulivyowaambia. Nitakuwa mlangoni kuwapokea, na mpaka naandika haya sijui nitawaambia nini.