Ufunguo Hautoki Mpaka Bakuli Liwe Tupu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, Mama Simu atavua ovaroli yake ya bluu na kwenda nyumbani kupumzika. Nusu ya kwanza ya miaka hiyo alikuwa opereta wa simu wa kituo chetu cha wauguzi wa majumbani. Nusu ya pili ameimaliza chini ya magari. Wafanyakazi wapya hudhani jina lake limetokana na kupenda kuongea na simu. Wajue kwamba simu haipendi hata kidogo: ukimpigia mara mbili hapokei, na ya tatu anapokea ili akuulize kama gari limekuharibikia njiani.

Sisi wa zamani tunakikumbuka chumba chake cha ghorofani, chenye dirisha moja na ubao uliojaa nyaya kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Alimjua kila mmoja wetu kwa sauti. Ukisema haloo tu, ameshajua kama umelala vizuri. Kisha zikaja simu za mkononi, ubao ukang'olewa, na Mkurugenzi wa wakati huo akamwita na kumwekea njia mbili mbele yake: achukue kiinua mgongo aende zake, au aingie nafasi ya msaidizi iliyokuwa wazi gereji, kwa majaribio ya miezi sita. Akishindwa, basi.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mumewe, seremala, alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa la mteja na mgongo ulikuwa umemlaza. Binti yao mkubwa alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na wadogo zake wawili walikuwa nyuma yake wakisubiri zamu. Nyumba nzima ilikuwa inakula kwa mshahara mmoja, nao ulikuwa wa Mama Simu. Alikuwa hajawahi kufungua boneti ya gari maishani mwake. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumatatu iliyofuata akashuka ngazi, akaingia gereji na kanga yake kiunoni.

Fundi Mkuu, ambaye leo kwenye hafla hii ya kumuaga Mama Simu amekaa safu ya mbele akijifanya hasikii, alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni na kuuliza hewani: "Sasa hapa nimeletewa mikono, au nimeletewa sauti?" Mama Simu alimjibu kwamba ameletewa vyote viwili, aanze na anachotaka.

Akaanza na mikono, na mikono haikujua kitu. Siku ya pili alitumwa alete spana kumi na tatu. Kila fundi anajua kwamba hiyo ni spana moja, yenye namba kumi na tatu mgongoni. Mama Simu alikawia, kisha akarudi amekumbatia spana kumi, akaomba radhi kwamba nyingine tatu hazionekani. Siku aliyofundishwa kubadilisha tairi, aliinua gari kwa jeki kwanza ndipo akaanza kulegeza nati, na gurudumu likawa linazunguka naye huku na huku mpaka akachoka kulisihi. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wake anajua: nati hulegezwa gari likiwa bado limekanyaga chini. Aliuliza kila kitu, tena aliuliza mara mbili, na mara ya tatu pia, bila kuona haya. Kuuliza si ujinga, lakini ni watu wachache wanaoweza kuuliza mbele ya vijana waliokuwa wakiwaunganishia simu juzi tu.

Kosa lililomfanya kuwa fundi lilikuwa la oili. Alimwaga oili chafu vizuri, akabadilisha filta vizuri, akapanda juu na kumimina oili mpya taratibu, kama mtu anayemimina chai kwa wageni. Kizibo cha chini alikuwa amekisahau juu ya benchi. Oili yote mpya ilipita ndani ya injini, ikatokea chini, ikafika kwenye viatu vya Fundi Mkuu. Fundi hakumgombeza. Alikaa juu ya tairi bovu akashika kichwa, na walioshuhudia wanasema hilo lilitisha zaidi.

Kesho yake Mama Simu alikuja na bakuli la bati kutoka nyumbani, lile la uji, limebanduka rangi ukingoni. Akaliweka chini kando ya gari na kujiwekea sharti. Kila anachokifungua kinaingia humo, na ufunguo wa gari unaingia humo humo pamoja nacho. Gari haliwashwi mpaka ndani ya bakuli ubaki ufunguo peke yake. Mafundi walicheka. Gereji ile ilikuwa na desturi yake: ukimaliza kufunga gari ukabakiwa na nati mkononi, unasema ni ya ziada, kiwandani huwa wanaweka nyingi, kisha unaitupa kwenye kopo kubwa la maziwa dirishani. Kopo lilikuwa limejaa.

Mwezi wa sita wa majaribio ukafika, na pamoja nao siku ya mtihani. Mama Simu alipewa gari la Mkurugenzi alihudumie peke yake: oili, filta, plagi, magurudumu yote yafunguliwe na breki zikaguliwe. Mkurugenzi mwenyewe angeliondosha kwenda nalo mkutanoni, na akirudi salama, majaribio yameisha. Pembeni yake, Fundi Mkuu alikuwa amemaliza pikapu ya wauguzi. Gereji ina mlango mmoja, na gari la Mkurugenzi lilikuwa limesimama mlangoni. Pikapu ilikuwa nyuma yake, imeshapakiwa mikoba na dawa, injini inanguruma, na muuguzi yuko kwenye usukani anasubiri apishwe. Muuguzi huyo ni mimi.

Mama Simu alifunga kila kitu, akainama kwenye bakuli kuchukua ufunguo, akakuta mna ufunguo na nati moja.

Akarudi kwenye gari. Akalizunguka lote, akakaza upya kila gurudumu, akaingia chini, akatoka. Hakuna palipopungua kitu. Mkurugenzi alikuwa ameshatazama saa mara kadhaa. Mafundi walimwambia ile ni ya ziada, aitupe kwenye kopo watu waende. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga honi. Mwishowe Mkurugenzi akamwuliza, kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia: "Mama, hii kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka, bosi," akasema. "Ndiyo maana ufunguo siutoi."

Nadhani pale ndipo alipoiaga kazi moyoni. Fundi aliyebobea asingepata tabu ile, kwa sababu angekuwa na uhakika wake. Yeye hakuwa na uhakika wowote ila mmoja, kwamba nati haiji duniani bure. Kama haikutoka kwenye gari hili, basi imetoka kwenye jingine. Akaja dirishani kwangu, akaniomba nizime injini, akachukua tochi na kuingia chini ya pikapu.

Alipotoka alimwita Fundi Mkuu kwa mkono, na Fundi akaingia chini akakaa huko kwa muda. Nati ilikuwa ya kiungo cha usukani, ile inayoushika mkono unaogeuza gurudumu la mbele. Fundi Mkuu mwenyewe aliifungua asubuhi ile, akaitia kwenye bakuli la Mama Simu lililokuwa karibu na mkono wake, akaitwa na mtu, akasahau. Bila nati kiungo kile hushika kwa muda, na gari lingetoka getini likitii kama kawaida. Lingeacha kutii kwenye mashimo, na njia yangu siku ile ilikuwa ya mteremko wenye mashimo kuanzia juu hadi chini.

Fundi Mkuu alifuta mikono, akasimama mbele ya Mkurugenzi, akasema: "Hiyo nati ni yangu." Alipanda ghorofani siku hiyo hiyo kusaini kwamba majaribio ya Mama Simu yamekwisha. Tunamheshimu kwa hilo mpaka leo. Lile kopo la dirishani alilibeba akaondoka nalo, na hatukuliona tena.

Mengine mnayajua. Kila gari gerejini sasa lina bakuli lake. Binti yule mkubwa ni mwalimu mkuu, na wadogo zake walisoma wakamaliza. Mumewe aliinuka, akarudi kwenye randa yake. Na sisi wauguzi, ambao tulikuwa tukiona taa nyekundu ya onyo mbele ya usukani tunaifunika kwa kikaratasi, Mama Simu alitukusanya uani kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi akatufundisha kupima oili, kuongeza maji injini ikiwa imepoa, kusafisha vichwa vya betri, kusikiliza breki. Matroni alikuja na glavu za wodini ili asichafue kucha, tukamcheka, na mwezi uliofuata wote tulikuwa na glavu za wodini. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ugumu wa kumwandikia mtu wa gereji hotuba ni kwamba kazi yake ikifanywa vizuri haina habari. Watu wanaondoka asubuhi, watu wanarudi jioni. Jioni ya siku ile ya mtihani nilifika nyumbani saa zangu za kila siku. Mwanangu, aliyekuwa na miaka mitatu, alinikimbilia mlangoni, akashika mkoba wangu, akauliza nimemletea nini. Nikamwambia sikuleta kitu.

Mama Simu, kilikuwepo. Ulimletea mama yake. Pumzika sasa, kwa afya na amani, na kwa kila mlango uliofunguliwa jioni kwa sababu yako, asante.