Mikono Iliyokumbuka Vichwa vya Watoto: Feliksi Rusaka, 1951–1998

Marehemu Feliksi Rusaka alizaliwa Mwandiga, Kigoma, tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne wa Mzee Bitaliho na Mama Rozalia, wakulima wa mihogo na michikichi. Alisoma hapo hapo Mwandiga, akaishia darasa la saba mwaka 1966, kwa kuwa baba yake alivunjika nyonga na shamba likakosa mikono.

Mwaka 1969 alijifunza unyozi kwa Mzee Hamdani wa Ujiji, na mwaka 1974 akafungua kibanda chake sokoni Mwanga. Kilikuwa na kiti kimoja, kioo chenye ufa na mazungumzo yasiyokwisha. Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na Veneranda, wakajenga Bangwe, wakajaliwa Bariki na Agnesi.

Julai 1991 alisafiri kwenda kuwaona ndugu wa mama yake katika milima ya kusini mwa Burundi. Aliaga kwa siku kumi. Njiani aliomba maji kwenye kituo cha watoto yatima na watoto wa mafukara, akakuta vichwa vimejaa mapunye. Akatoa mkasi. Siku kumi zikawa miezi mitatu. Katika baridi ile ya mlimani alinyoa, akaosha, akapaka dawa, kichwa kimoja baada ya kingine, bila ujira. Mtoto akiogopa wembe, Feliksi aliinama, akampa mkasi akate kwanza nywele zake yeye. Alirudi nyumbani kichwa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Mama Bariki alimtazama pale mlangoni, akauliza, "Baba Bariki, huko milimani wanyozi wamekwisha?" Feliksi alicheka, na kila Julai akarudi huko.

Oktoba 1993 vita vilitawanya watoto wale. Baadhi walivuka mpaka migongoni mwa watu wasiowajua. Makambini walitakiwa waeleze kwao ni wapi, na wengine hawakuwa wamejua hata kusema. Walipita wakubwa kwa magari yenye bendera, wakapiga picha, wakaondoka. Feliksi alikuja kwa baiskeli, akapiga magoti, akapapasa vichwa. Kovu hili alilijua, na kile kisogo bapa pia. Kwa ushahidi wa vidole vyake, watoto ishirini na watatu walirudishwa kwa ndugu zao.

Machi 1994, katika kambi moja upande wa Kasulu, mjane aitwaye Skolastika alimkumbatia msichana wa miaka kama mitatu, asiyesema neno. Alisema ndiye Honorata wake, aliyemwacha kituoni alipokosa cha kumlisha. Wasimamizi wakamwita Feliksi. Feliksi alimjua vizuri Honorata wa kituoni. Uji wa moto ulikuwa umemmwagikia nyuma ya sikio la kulia baada ya mama yake kuondoka, ukaacha kovu. Akapapasa nyuma ya sikio. Palikuwa laini.

Alijua kwamba akidanganya mara moja, neno lake kwa wale wengine wote halitakuwa na thamani tena. Akasema, "Mama, huyu siye."

Skolastika hakulia. Alimtazama, akamuuliza, "Wangu sijui aliko. Na huyu ana nani? Basi ungekaa kimya tu." Akajifunga kanga yake, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Feliksi alirudi na wazo ambalo lilipaswa kumjia jana yake: kumwombea yule mama amlee mtoto, kwa ukweli, bila kudai kwamba amemzaa. Alikuta mahali pake patupu. Waliolala jirani walisema amerudi Burundi kwa miguu.

Yeye na Veneranda walimchukua msichana. Walimwita Honorata, kwa sababu hilo ndilo jina pekee ambalo mtu yeyote alikuwa amemwita kwa upendo, na hakuitika jina jingine. Kwa miaka minne Feliksi alimtafuta Skolastika kila kambi aliyoifikia, akiuliza kila msafiri aliyetoka milimani. Wengi walimwambia kwamba alitenda haki. Yeye aliwauliza tu kama wamemwona yule mama.

Novemba 1997 alianza kukohoa. Alitibiwa kifua kikuu katika hospitali ya Maweni, lakini mwili ulikuwa umechoka. Siku zake za mwisho alimweka Honorata kando ya kitanda, akamsimulia yote haya, akaagiza yasomwe leo bila kufichwa, ili asiyejua ajue na mwenye habari za yule mama aseme. Alifariki nyumbani Bangwe, Jumapili tarehe 14 Juni 1998.

Ameacha mjane, Veneranda. Watoto watatu, Bariki, Agnesi na Honorata. Mdogo wake Ismaili. Na mpwa wake anayesoma maneno haya. Kwa wosia wake tunamtaja pia miongoni mwa wafiwa Skolastika, popote alipo.

Jana kikaoni iliulizwa kama mtoto aliyetoka kambini anastahili kunyolewa pamoja na watoto wa marehemu siku ya kuondoa matanga. Mama Bariki alijibu kabla wazee hawajamaliza kutazamana.

"Mkasi wa baba yake ninao mimi. Ataanza yeye."

Apumzike Feliksi, na mikono yake ipumzike, kwa amani ambayo hakuipata alipokuwa hai.