Zamu ya Kalunde

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya chai na mvute viti karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Katangi, hapa kwetu Machakos. Jina lake Kalunde Mutinda. Majirani walimwita Mama Nzilani, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alizikwa wiki iliyopita shambani kwake, kwenye mteremko ulio juu ya soko. Alikuwa mjane, alikuwa mkulima, na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha mwethya cha Kyeni. Na ndiye aliyesimama kidete mpaka kikundi hicho cha wakulima kikadhamini kikosi cha skauti. Kalunde Mutinda wa Katangi.

Kwa mnaotusikiliza kutoka mbali, mwethya ni kazi ya pamoja. Leo wanakikundi wote wanakuja kwako na majembe, wanakuchimbia yale matuta ya fanya juu yanayozuia udongo usiende na mvua. Wiki ijayo wanaenda kwa jirani. Kila nyumba ina zamu yake. Sheria ni moja, nayo haina huruma: nyumba isiyoleta jembe haichimbiwi. Jioni, kabla watu hawajatawanyika, katibu husimama na kuuliza, "Zamu inayofuata ni ya nani?" Mwenye zamu huitika, na siku hufungwa hivyo.

Katibu wa Kyeni ni Mzee Mwangangi. Yuko hai na mzima, nilizungumza naye juzi. Ni mtu wa sheria. Hata chai huinywa kwa utaratibu. Yeye na Kalunde walibishana miaka mingi na wakaheshimiana miaka hiyo hiyo, na nitawaeleza kwa nini.

Sasa tuanze na Mumo.

Mumo alikuwa mtoto wa darasa la saba. Mama yake, Kamanthe, alipanga chumba kimoja pale sokoni na kuponda kokoto. Asubuhi moja ya Jumamosi Kalunde alikutana na Mumo njiani. Mtoto akamwamkia vizuri. Kalunde akamwuliza anakwenda wapi, naye akasema anakwenda kucheza. Kalunde akaendelea na safari yake. Lakini Mumo alikuwa anakwenda mtoni kupakia mchanga kwenye lori, kama watoto wengi wa pale siku za Jumamosi. Adhuhuri ukingo wa mchanga ukaporomoka. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufariki.

Nzilani, binti wa Kalunde, anakumbuka jioni ile. "Mwaitu aliingia na viatu vya Mumo mkononi," aliniambia. Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu. "Mtoto aliviacha ukingoni visichafuke. Mwaitu akaviosha, akavipangusa, halafu akavipeleka kwa Kamanthe. Aliporudi akasema, huyu mtoto alikuwa na Jumamosi nzima na hakuna mtu mzima aliyempa kitu cha kufanya nayo."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo jambo lilipoanzia. Kalunde alikuwa amewaona maskauti kwenye sherehe za kitaifa mjini, wamesimama wima na skafu zao shingoni. Alitaka watoto wa Katangi wawe na kitu kama kile. Akaenda mjini Machakos kumtafuta afisa wa skauti. Hakuwa na miadi. Alikaa kwenye benchi mpaka akaitwa.

Afisa, mama mmoja mpole mwenye sauti ya ualimu, alimweleza masharti. Kikosi hakijiotei chenyewe kama nyasi, alimwambia. Lazima kiwe na mdhamini, na kikundi cha wananchi kinaweza kuwa mdhamini. Lakini kikundi hicho kiwe kimesajiliwa na kijulikane na majirani. Kiwe na mahali pa watoto kukutania, penye maji na choo. Kiwe na kamati itakayokisimamia kikosi hata siku wenye moyo wakichoka. Kilete watu wazima wawili wenye tabia njema, waende mafunzo. Mmoja awe mwanamke, la sivyo wasichana hawaendi kambi. Na sharti moja zaidi, ambalo afisa alilitaja mwishoni, na Kalunde alilisikia bila kulisikia: mlango uwe wazi kwa kila mtoto ambaye mzazi wake ameridhia.

Kalunde alirudi Katangi amejaa nguvu. Kikundi kipo, akasema. Kamati ipo. Mahali patapatikana. Mwalimu Masila, kijana wa shule ya jirani, akakubali kwenda mafunzo awe mlezi wa kikosi. Kikundi kikakubali. Mwangangi mwenyewe akakubali. Wakamwalika afisa aje kuona.

Na hapo watu wa Kyeni wakafanya kosa ambalo ni watu wa mwethya tu wangelifanya.

Siku ya ukaguzi watoto walipangwa mstari kwenye kiwanja kitupu cha kikundi, wameoshwa mpaka wanang'aa, kila mmoja na jembe dogo begani. Kalunde aliwatazama akaona fahari. Afisa naye alisifu. Kisha akatazama ng'ambo ya ua wa michongoma, ambako watoto wengine walikuwa wamejazana wakichungulia. Akauliza wale je. Mwangangi akamjibu kwa adabu zote kwamba wale si wa kikundi, kwao hakuna jembe. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba maji huteremka mlima. Kalunde, mwenyekiti, akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo sheria. Nyumba isiyoleta jembe haichimbiwi.

Afisa hakugomba. Alifunga mkoba wake. "Mdhamini si mwenye watoto," akasema. "Niiteni wale wakiwa ndani."

Akaenda zake, na chapati walizomwandalia zikabaki.

Wengine walikasirika. Wakasema huyu mgeni haijui mwethya. Kalunde alipanda kwake polepole. Nzilani anasema mama yake alipofika nyumbani alikaa kwenye ngazi ya ghala na kufunika uso kwa leso. Kamanthe hakuwa na shamba. Asiye na shamba hana matuta, asiye na matuta hana zamu, asiye na zamu hayumo kikundini. Kwa hiyo Mumo, yule Mumo ambaye kwa ajili yake alikwenda kukaa kwenye lile benchi, angekuwa nje ya ua akichungulia. Na mwenyekiti angetikisa kichwa.

"Aliona aibu," Nzilani aliniambia. "Aibu yenyewe. Hata chakula hakutaka."

Aibu huwalaza watu wengine kitandani. Kalunde ilimwamsha. Aliitisha mkutano.

Mkutano ulikuwa mkali. Mwangangi alisimama akatetea sheria, na tusimwonee, alikuwa na hoja. Kikundi ni majembe, alisema. Kama mtoto wa asiyechimba atapata sawa na mtoto wa anayechimba, kesho nani atainama juani? Watu wengi wakaguna kumkubalia. Wengine wakatazama chini.

Kalunde hakubishana na sheria. Aliuliza jambo moja tu. Zamu yake ikifika, kikundi kinachimba wapi? Mwangangi akajibu kwamba kinachimba pale mwenye zamu anapokionyesha.

"Basi zamu yangu nawapa watoto," Kalunde akasema. "Mje na majembe mtengeneze uwanja wao na banda lao. Na kila mtoto ambaye kwao hakuna jembe, mwandikeni ni wa nyumba yangu. Mimi niko na jembe."

Mwangangi alitafuta kasoro, na mtu huyu kasoro huipata hata kwenye sala, lakini safari hii hakuipata. Nyumba ya Kalunde ilikuwa haijakosa jembe hata siku moja. Sheria haisemi nyumba iwe na watoto wangapi.

Hivyo ndivyo uwanja wa maskauti wa Katangi ulivyochimbwa, wasikilizaji wapendwa. Ulichimbwa kwa zamu ya Kalunde. Banda likajengwa kwa zamu yake iliyofuata, na choo kwa ile iliyokuja baadaye. Maryam, fundi wa kushona pale sokoni, ambaye hakuwahi kushika jembe la mwethya maishani mwake, akazishona skafu zote.

Likabaki sharti la mlezi wa kike. Kalunde alizunguka nyumba kwa nyumba. Huyu ana ng'ombe wa kukama. Yule mume wake hataki kusikia habari ya kulala hemani. Mwingine anasema ataenda, kisha anajificha. Mwishowe bibi huyu, mwenye magoti yanayolia akiinuka, akajipeleka mwenyewe. Mwalimu Masila, aliyekwenda naye, anasema alikuwa mkubwa kuliko wakufunzi wote. Alifunga mafundo haraka kuliko vijana, maana amefunga mbuzi na mizigo tangu utotoni. Lakini kuwasha moto kwa njia yao alikataa. Aliwaambia amewasha moto kila siku ya maisha yake na hajawahi kuhitaji somo.

Afisa akaitwa tena. Safari hii nje ya ua hapakuwa na mtoto. Kikosi kikapewa kibali.

Siku ya uzinduzi watoto walikula kiapo, kisha wakamwagika kati ya wageni wakisalimia kiskauti, kwa mkono wa kushoto. Kwetu, mtoto kumpa mzee mkono wa kushoto ni matusi. Mwangangi akaweka mkono wake nyuma. Akamwambia Kalunde kwamba mambo mengine amekubali, hili hapana. Kalunde alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa nataka mnisikilize vizuri. Uwanja wa watoto hauishi kazi. Mvua inabomoa, mchwa wanakula banda, tangi linataka msingi. Kila zamu ya Kalunde ilipofika, Mwangangi aliuliza kama desturi, "Zamu inayofuata ni ya nani?" Na Kalunde alijibu, "Ni yangu. Pelekeni kwa watoto." Miaka ikapita hivyo. Matuta ya shamba lake yakabomoka. Udongo mzuri, ule alioulinda yeye na marehemu mumewe tangu ujana, ukateremka mtoni. Mahindi yake yakawa mafupi. Nzilani alimsihi mama yake achukue zamu yake hata mara moja. Alimjibu kwamba zamu yake itakuja.

Mwaka huu akaugua. Hata akiwa kitandani aliuliza habari za kambi. Alihofia jambo moja, kwamba akiondoka kikosi kitakosa mlezi wa kike, na wasichana watabaki nyumbani wakiwatazama wavulana wakienda. Alilisema kwa kila aliyekuja kumjulia hali. Akafariki alfajiri, Nzilani akiwa ameushika mkono wake.

Baada ya mazishi, Jumamosi, Mwangangi aliwaita watu wa Kyeni. Hakuwaambia sababu. Walipofika na majembe aliwapandisha mpaka shambani kwa Kalunde, kwenye matuta yaliyobomoka, na akaanza kuchimba. Maskauti walikuja na skafu zao. Masila alikuja. Maryam naye akaja, kaazima jembe, akalishika kama anayeshika sindano. Na akaja Kamanthe, mama yake Mumo, na nyundo yake ya kokoto, kwa sababu jembe hana. Akavunja mawe yaliyokuwa yamekaa kwenye mfereji. Alifanya kazi bila kupumzika.

Jioni matuta yote ya mteremko ule yalikuwa yamesimama tena. Watu wakakusanyika. Mwangangi akauliza, kama anavyouliza siku zote, "Zamu inayofuata ni ya nani?"

Watu walitazamana. Kamanthe akainua mkono. Mwangangi alimtazama. Alijua vizuri kwamba mama huyu hana shamba. Hata hivyo alimwuliza kama anavyomwuliza mwanakikundi yeyote.

"Tukuje kwako lini, na tuchimbe wapi?"

"Mimi siko na shamba," Kamanthe akasema. "Pelekeni kwa watoto. Na mimi nitaenda hayo mafunzo. Wasichana wataenda kambi."

Nzilani anasema hakuna aliyepiga makofi. Mzee Mwangangi alijipangusa kiganja kwenye suruali, akamwendea Kamanthe, na akampa mkono. Alimpa wa kushoto.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Nzilani na ndugu zake, kwa watu wa mwethya wa Kyeni, na kwa kila mtoto wa Katangi aliyewahi kuwa wa nyumba ya Kalunde, poleni sana. Mungu awatie nguvu na ampumzishe mama yetu pema. Na sisi tuliobaki, kabla chai haijapoa, kila mmoja atazame nje ya ua wake. Aone nani anachungulia.