Siku Niliyoingia Uani Bila Kukohoa

Ndugu zangu, mlioko humu ndani na mlioko nje upande wa dirisha, mugonile. Mwenyekiti amesema niseme kwa ufupi. Sitaweza, lakini nitajaribu.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa anakohoa. Nikiwa mtoto nilijua ana kifua. Akitoka kwake kuja kwetu unamsikia tangu migombani: kho, kho, fimbo inagonga chini, kho. Akiondoka anakohoa tena mpaka anapotelea kule kwenye mpunga. Siku moja nikamwambia mama, "Babu atakufa, apelekwe hospitali." Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Akasema, "Babu yako mzima kuliko wewe. Akija ananiambia nijifiche. Akiondoka ananiambia nitoke."

Niwaeleze hawa vijana wawili wageni, waliokuja fildi kujifunza kazi za chama chetu cha ushirika. Kwetu mwanamke haonani na baba wa mume wake. Akimsikia njiani anaingia migombani, anajifunika. Ua mmoja hawakai. Ni heshima, hakuna ugomvi hapo. Siku hizi wengine wameacha, shauri yao. Mama hakuwahi kumwona babu usoni, na babu alipokufa mama ndiye aliyelia kuliko wote.

Haya. Mimi nilibeba magunia bandarini Itungi miaka mingi. Ikaja ile ruksa, kila mtu afanye biashara anavyotaka, mizigo ikahamia kwenye malori, na sisi makuli tukapungua. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, na darasa la nne langu. Ndipo kampuni moja ya kukopesha ikafungua ofisi mjini Kyela. Jina silitaji, na yenyewe ilishakufa. Walitaka mtu anayejua nyumba za watu. Wakanichukua kama mwanafunzi wa kazi: miezi mitatu bila mshahara, nauli tu, ukiwaridhisha unapewa barua ya ajira. Barua ile nilikuwa naiota.

Ofisi ilikuwa na mila zake kama ukoo. Meneja akiingia wote mnasimama. Shikamoo hakuna, ni "bosi, bosi". Vijana wa umri wa mwanangu waliniita Mwanafunzi. "Mwanafunzi, chai!" "Mwanafunzi, hiyo tai au kamba ya mbuzi?" Tai yenyewe nilikuwa nimeazima kwa mwinjilisti. Feni ilikuwa moja, na joto la Kyela mnalijua. Chini ya feni kuna kiti. Saa nne, wakati wa chai, kila mmoja anasimulia kituko cha wateja, na aliyemchekesha bosi kuliko wote ndiye anakaa kile kiti mpaka jioni.

Wenzangu walikuwa na vyeti. Mimi nilikuwa na vituko. Nilivisimulia vyote, vilipokwisha nikamtoa babu. Nikakohoa, nikagonga ufagio sakafuni, nikaigiza mama anavyojitupa migombani. Mmoja chai ilimtokea puani. Nikapewa kiti. Nimekaa napigwa na upepo, nikaona bosi hacheki. Anaandika.

"Kwa hiyo mkwe akikaa uani, mwanamke hatoki?"

"Hatoki, bosi."

"Hata kuchota maji?"

"Hata maji."

"Mwanafunzi, wewe una akili kuliko hawa wenye vyeti."

Nawaambia ukweli, nilifurahi.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa mteja mmoja aliyechelewesha marejesho. Tulipita kwanza kwa baba yake, tukamwambia tunampa lifti akamsalimu mwanawe. Mwanawe hakuwepo. Tukamkalisha mzee kwenye kiti katikati ya ua, tukamwambia asubiri. Mke wa mwanawe akabaki ndani tangu asubuhi mpaka jua likageuka, mtoto analia, ndoo tupu iko nje. Mzee alipoelewa alitaka kusimama. Kijana wa ofisini akamkandamiza bega, "Kaa, mzee, kaa." Kesho yake mume akauza ng'ombe. Ofisini walinipigia makofi, nikakaa chini ya feni siku tatu. Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu, na sikusikia maumivu yoyote. Nilisikia upepo.

Shukrani nazitoa hapa katikati, maana nikifika mwisho sitakuwa na neno. Namshukuru mzee yule. Baadaye nilikwenda kumwomba radhi, akanikalisha kwenye kiti katikati ya ua wake, akaingia ndani, hakutoka mpaka jua likageuka. Kisha akaniletea ndizi, tukala. Namshukuru mke wangu, ambaye hakuniuliza tutakula nini. Nawashukuru ninyi wa chama mlionipa mkopo wa miche ya kakao bila kuniuliza nimesoma mpaka wapi. Na mkamwana wangu, mke wa kijana wangu, najua uko hapo nje dirishani ndiyo maana nasema kwa sauti: kwako ni ndaga fijo, asante sana, na sababu inakuja sasa hivi.

Ninyi vijana wa fildi, mimi nina moja tu la kuwapa. Mkiwasimulia watu mambo ya kwenu ili wacheke, mwangalieni yule asiyecheka.

Basi, siku moja faili la kijana wangu likatoka. Alikuwa amekopa mashine ya kukoboa mpunga, akachelewa. Anakaa Ngana, na siku hiyo alikuwa amepeleka mchele Mbeya. Bosi akasema, "Leo hatuna haja ya kutafuta baba mkwe. Tunaye hapa." Wakacheka wote. Nami nikacheka. "Ukirudi, Mwanafunzi, barua yako iko mezani. Nimeshasaini."

Nikaenda. Kijana wa ofisini akabaki na gari barabarani, mimi nikapewa faili nikaingia. Sikukohoa. Mkamwana alikuwa kwenye mafiga, anachochea moto. Aliponiona alivuta kitenge usoni akakimbilia ndani, sufuria ya maharage ikabaki inachemka. Nikakaa kwenye kiti chao, faili mapajani.

Nilikaa sana. Maharage yakakauka, yakaanza kunuka kuungua. Halafu nikamsikia anaongea na kuku, maana na mimi hawezi.

"We kuku. Muulize aliyekaa hapo nje, amekunywa chai?"

Nikaligeuza faili mapajani.

"We kuku, muulize vizuri. Anaumwa? Leo hatukumsikia akikohoa."

Nikasimama. Nikaepua sufuria, nikaiweka pembeni. Faili nikaliacha juu ya kiti. Tai niliitia mfukoni kwa sababu ilikuwa ya mwinjilisti.

Kijana wa ofisini akaniona natoka. "Mwanafunzi! Unakwenda wapi? Jua bado halijageuka! We, na barua yako je?"

Nikampita. Fimbo sikuwa nayo, lakini nilikohoa. Nilikohoa pale kwenye gari, nikakohoa kando ya migomba, nikakohoa barabarani kwa nguvu mpaka kifua kikauma, ili asikie ninavyozidi kwenda mbali. Nyuma yangu nikasikia mlango, kisha ndoo. Sikugeuka. Na ofisini sikurudi tena.