Kitanda Kilichotandikwa

Kwenye basi la kutoka uwanja wa ndege, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: nesi wa kiume aliyefanya kazi ughaibuni miaka tisa, na mama mmoja, mstaafu wa ofisi ya kodi. Nesi alikuwa amempa barua aisome. Barua, iliyotoka ofisi ya kodi, ilimwita mkazi wa hapa, ikataka atangaze na mshahara wa huko.

"Mama, mimi hapa nakuja wiki mbili tu kwa mwaka," alisema nesi. Mama akamuuliza kama nyumba ameipangisha. "Hapana, ipo vilevile. Dada anafagia kila Jumamosi, na kitanda kimetandikwa." Mama akamrudishia barua. "Basi, mwanangu, mwenye kitanda kilichotandikwa hajahama. Amechelewa kurudi tu."

Nilijikohoza nisicheke. Mama akamweleza kwamba akiweka mpangaji atakatwa kodi kwenye pango, lakini angalau ataweza kudai kwamba makao yake yako huko.

"Na siku nikichoka huko nifikie wapi, kwa mpangaji?" aliuliza nesi. "Fomu haiulizi hilo," alijibu mama.

"Marehemu mama yangu alifia chumba cha mbele. Siwezi kukipangisha." Yule mstaafu akatazama dirishani.

Basi liliposimama, nesi alishusha begi lake. "Sasa unakwenda wapi, baba?" aliuliza mama kwa upole.

"Nyumbani."

"Haya. Ila neno hilo usilitamke mbele ya afisa wa kodi."