Bandeji na Dakika Themanini

Wasikilizaji wapendwa, hakuna anayemjua marehemu Bandeji kuliko mimi. Miaka tisa alicheza raga ya kulipwa. Miaka tisa! Mara sita alipasuliwa.

"Saba," ananisahihisha mkewe, tuliye naye hapa studio. "Umesahau bega."

Haya, saba. Tumeanza vibaya.

Goti lake bovu lilikuwa la kushoto. Basi yeye akawa anafunga bandeji la kulia, lile zima. Wapinzani wakiona bandeji, wanalivamia hilo hilo. La kushoto linapumua. Ujanja mtupu!

Lakini mkewe hakuwahi kumwona akimaliza mechi. Kila alipokwenda uwanjani, mume alitolewa kwa machela.

"Nikamwambia, baba watoto, siji tena. Nimechoka kurudi kwa gari la wagonjwa."

Msimu wa mwisho klabu ikaamua apimwe, akikutwa mbovu aondoke. Daktari alikuwa mgeni. Akaona bandeji, akalipima goti la kulia. Akalikunja, akaligonga.

"Hili ni goti la kijana wa miaka kumi na minane!"

"Asante, daktari. Nalitunza."

La kushoto hakuulizwa, naye hakuwa mtu wa kujibu asiloulizwa.

Jumamosi akambembeleza mkewe. "Njoo mara hii tu, mama watoto. Leo natoka kwa miguu yangu."

Akaenda. Dakika ya sabini, Bandeji chini. Machela ikaletwa. Mkewe akainuka, mkoba mkononi. Bandeji akashika mpini wa machela, akajivuta, akasimama. Wabebaji akawarudisha walikotoka. Zilibaki dakika kumi, akazicheza zote akichechemea. Timu ilifungwa, ndiyo. Lakini dakika themanini alizimaliza, akatoka kwa miguu yake.

"Akaja moja kwa moja jukwaani," anasema mkewe. "Akaniuliza, mkoba huo, safari ya wapi?"

Shemeji, pole sana, wewe na wanao wawili. Nasi wasikilizaji tujiulize: tukimwona mwenzetu yuko chini, humwambia nini? Mimi siku ile nilikuwepo. Nilimtia moyo kwa sauti yangu yote.

Mkewe anavuta kipaza sauti.

"Shemeji, ulikaa nyuma yangu. Ulipiga kelele, 'Mpelekeni gereji!'"

"Eh... uwanja ulikuwa na kelele, shemeji."

"Alikusikia. Aliniambia aliinuka ili aje amwone huyo mwenye mdomo."